Orodha Niliyoisaini Kagunga

Siku ya kuniaga, baada ya pilau na hotuba tatu zilizonisifu kwa mambo ambayo mengine sikuyafanya, luteni mmoja kijana alinifuata kando nikiwa nimeshika chupa ya soda. Akasema, "Jambo, afande. Eti katika yote uliyopitia, ni lipi lilikuwa gumu zaidi?" Nilimjibu kwamba vita vyote ni vigumu, ajitahidi tu kutunza miguu. Akaandika. Nilipofika nyumbani nikaona nimemdanganya kijana wa watu, na kwa kuwa sasa sina gwaride la asubuhi, nimekaa kuandika jibu lenyewe.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Aliyepandishwa anajua, na ambaye hakupandishwa anajua zaidi.

Nilizaliwa Njombe, kwenye baridi, na siku ya kwanza ya ukuruta niliripoti na sweta aliyonifumia mama. Mkufunzi akaniuliza kile ni kitu gani. Nikasema ni sweta, afande. Akauliza ya nini. Nikasema ya baridi. Akalitazama jua, akanitazama mimi, kisha akaniamuru niivae. Niliivaa wiki nzima nikizunguka uwanja na mfuko wa mchanga begani. Tangu hapo niliapa kutokwenda mahali bila kuuliza kwanza kukoje. Nilidhani somo lile limeniingia moja kwa moja. Mtaona.

Vita vya Uganda vilinikuta nikiwa luteni usu, mwenye nyota moja begani na buti zilizokuwa zikinibana. Nilikabidhiwa platuni, na platuni ikakabidhiwa Sajini Mapunda, ingawa karatasi zilionyesha kwamba mkubwa ni mimi. Sajini alikuwa Mngoni mfupi wa kutoka Songea, mwenye sauti ya chini isiyolingana na kazi yake. Siku ya kwanza aliniona nikiandika majina ya askari kwa kalamu ya wino. Akanipa kipande cha penseli chenye raba nyuma. "Afande, mvua ikinyesha wino unakimbia. Na ukikosea, penseli unafuta." Nikamwambia sitakosea. Akasema, "Sawa, afande," akaniachia penseli yenyewe.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao aliufuata kama dawa. Jambo lolote analoambiwa, lazima aliulize tena kwa mtu wa pili, tena mwenyeji, tena asiye na sababu ya kumfurahisha. Tulifika kwenye daraja moja dogo la mbao. Mwanamume aliyekuwa pale akatuhakikishia kwamba ni zima, magari yalipita jana. Mimi nilikuwa nimeshainua mkono kuwapa ishara watu wavuke. Sajini akamwendea mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi, akamsalimia vizuri, akamuuliza tu yeye anapitia wapi. Mama akasema anapitia chini, majini, kwa kuwa wanajeshi waliotangulia walikuwa wamechimba chimba pale darajani. Tukapitia chini. Wahandisi walipokuja walitoa mabomu mawili chini ya mbao. Yule mwanamume hakuwa adui. Alikuwa mtu anayependa kuwajibu watu wenye bunduki jibu wanalolitaka, na mimi nilikuwa nimemuuliza kwa sauti ya mtu anayelitaka.

Jambo la pili alilonifundisha ni namna ya kupeleka habari za msiba. Tulipoteza watu, na baada ya vita nilitumwa kwa familia tatu. Sajini aliniambia, "Simama. Usikubali kiti. Sentensi ya kwanza iwe ndiyo hiyo hiyo. Ukianza na habari za mashamba, unamtesa mtu." Nilifanya hivyo mara tatu. Ndiyo kazi pekee ya jeshini ambayo sikuwahi kuizoea, na nisingemwamini mtu anayesema ameizoea.

Baadaye ikaja miaka mingi ya amani, ambayo ofisa huitumia kuhesabu mablanketi. Nilihesabu mablanketi katika mikoa minne. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba hayakuwahi kutimia.

Nilifika Kigoma nikiwa kapteni, miaka ile Warundi walipokuwa wanavuka kwa makundi kukimbia mauaji kwao. Sikuuliza sana kukoje. Nilijiambia mimi ni mtu mzima, nimepigana vita, Kigoma ni Tanzania. Nikapanga chumba Buzebazeba kwa mama mmoja Muha aliyekuwa akiuza mawese, jina lake Mama Bukuru. Alikuwa mjamzito na alikuwa na watoto wawili wa umri mmoja, Bukuru na Butoyi, waliokuwa wakinipigia saluti kwa mkono wa kushoto kila asubuhi. Niliwarekebisha mkono. Zaidi ya hapo sikuwauliza kitu.

Wiki ya kwanza nilikwenda Mwandiga kuonana na wazee. Mzee wa kwanza aliyenipokea aliinama kidogo, akaanza kupiga makofi taratibu huku akinisalimia. Nilidhani ananishangilia. Nikampungia mkono, kama waziri. Koplo Chubwa, askari wangu Muha niliyepewa kuwa mkalimani, alitazama pembeni kwa muda mrefu. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza yale makofi ni ya nini. "Ndivyo tunavyosalimia wakubwa huku, afande. Na wewe unapiga." Nikamuuliza mbona hakuniambia pale pale. Akasema nilionekana nafurahia.

Chubwa alikuwa hodari na mwenye adabu nyingi mno. Koplo mwenye adabu nyingi ni hatari kwa kapteni mwenye haraka, lakini hilo halimo katika kitabu chochote tulichosomeshwa.

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, karibu kabisa na mpaka. Wakati ule hakukuwa na barabara. Tulikwenda kwa boti. Watu walishuka mlimani na wengine wakaja kwa mitumbwi, mpaka ufuo wote ukajaa turubai, masufuria, mbuzi na vilio. Meli ilikuwa ikisimama mbali kidogo, mitumbwi inapeleka watu, inawabeba hadi Kigoma, na kutoka hapo malori yanawapeleka kambini. Kazi yetu sisi ilikuwa kuhakikisha hakipandi kitu kinacholipuka wala mtu anayekuja kuendeleza vita. Agizo lilikuwa fupi: familia zipande meli, wanaume wasio na familia watengwe, wapelekwe kambi nyingine ya mbali, wachunguzwe. Lilikuwa agizo la haki, na hadi leo nisingelipinga.

Ila zilivuma habari kwamba wapiganaji wengine wanadaka watoto waliopotea hapo ufuoni na kujifanya baba zao. Mwanamume mwenye mke hakutusumbua, mke alimsemea. Tatizo lilikuwa mwanamume mwenye watoto bila mke. Wakubwa hawakusema tumpimeje. Basi nikabuni kipimo mwenyewe, nikiwa nimekaa nyuma ya mlango wa ghala la dagaa tuliougeuza meza. Kwetu Njombe mimi ni Mgaya, baba ni Mgaya, wanangu ni Mgaya. Nikaamua: mwanamume ataje jina lake, watoto wataje yao, bila kusikilizana. Majina yakigusana, ni familia. Yasipogusana, huyo ni mwongo.

Asubuhi ile walipita wanaume saba wa namna hiyo. Wote saba majina hayakugusana na ya watoto wao. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mbona wote. Mimi niliona uongo umekithiri.

Wa tano aliitwa Bigirimana. Alikuwa na watoto watatu, wawili wa miaka tisa hivi, mvulana na msichana, na kabinti ka miaka mitano kenye kikombe cha bati kilichofungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Nilimwambia avue shati. Begani kulikuwa na sugu pana.

"Hii ni ya mkanda wa bunduki," nikasema.

"Oya, hapana, afande. Ni ya mzegazega, mti wa begani. Nabeba madumu ya mawese. Kila siku nabeba."

"Mama wa watoto yuko wapi?"

"Yarapfuye. Amekufa mwaka jana. Ni abana banje, afande. Wanangu mimi."

Niliwauliza watoto, mmoja mmoja. Bukuru. Butoyi. Chiza. Niliyaandika yote matatu kwa mkono wangu, na nilikuwa nimeyasikia mawili ya kwanza kila asubuhi uani kwa mwenye nyumba wangu. Nilidhani ni majina tu yaliyojaa huku, kama akina Juma na Hamisi kwingine. Koplo Chubwa alikohoa.

"Afande..."

"Nini?"

Nyuma ya Bigirimana foleni ilikuwa inafika mlimani. "Hakuna, afande," akasema.

Orodha ilikuwa ya nakala tatu zenye karatasi ya kaboni, na penseli haikubaliki kwenye nakala tatu. Nikaandika kwa wino. Baba: mwanamume asiye na familia. Watoto, safu ya nne: hana wazazi, hana wazazi, hana wazazi. Nikasaini.

Watoto walimshika. Yule mdogo alimshika mguu akiita "Papa! Papa!" mpaka askari wawili walipomwondoa. Nataka mjue nilifikiri nini wakati ule, kwa sababu hilo ndilo litakalowafaa. Nilifikiri, jamaa amewafundisha vizuri. Bigirimana hakupigana nasi. Aliuliza kitu kimoja tu, wataandikwa wapi ili awafuate. Nikamjibu kila kitu kimo kwenye orodha.

Mgeni mmoja mkubwa alipita siku ile, akasifu kasi ya meza yangu.

Majuma matano baadaye nilikuwa Buzebazeba, mapumziko. Mama Bukuru alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Jumapili hiyo aliniita kwenye chakula cha kumpa mtoto jina. Kulikuwa na ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka waliopikwa kwa mawese, na majirani wamejaa ukumbini. Nilikuwa kwenye tonge la tatu. Nikauliza, kwa heshima tu ya kuuliza, mtoto ameitwa nani.

"Chiza, afande."

"Jina zuri. Mmempa la bibi?"

Wanawake walicheka. Mama Bukuru akanitazama kana kwamba nimeuliza jua huchomozea wapi. "La bibi wapi! Kwani wa mbele si mapacha? Mapacha, wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Anayekuja nyuma yao utamwitaje tena, afande? Ni Chiza. Huku ni hivyo, na Burundi ni hivyo hivyo. Hata ukilisikia njiani unajua huyo mbele yake kuna mapacha."

"Na jina la baba?"

"La baba ni la baba. Yeye si analo lake?"

Niliweka tonge chini. Walinipa maji wakidhani nimepaliwa na mwiba. Ningependa kusema nilikuwa nawaza jambo la maana, lakini nilikuwa nauona mwandiko wangu. Bukuru, Butoyi, Chiza, mmoja chini ya mwingine, wamepangwa hata kwa kufuatana kuzaliwa. Ushahidi niliokuwa nautaka nilikuwa nimeuandika mwenyewe, na kando yake nikaandika hana wazazi.

Nilimkuta Chubwa kikosini akipiga buti rangi.

"Koplo, wale watoto watatu wa yule mtu wa mawese. Ulijua?"

Akasimama. "Nilijua, afande."

"Ukaacha nikasaini?"

"Nilikohoa, afande."

Sikumwadhibu. Ningemwadhibu kwa kosa gani? Nilikuwa nimemfundisha kwa miezi kadhaa kwamba kapteni hakatizwi. Sajini Mapunda angemuuliza kabla ya kuketi. Niliona aibu, na ninaiona hadi leo ninapoandika.

Kanali wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mgaya, jeshi halikosei. Jeshi hupokea taarifa mpya. Andika kwamba zimepatikana taarifa mpya." Alikuwa ananisaidia, alikuwa mtu mwema. Nilirudi mezani nikajaribu kuandika hivyo mara mbili. Mara ya tatu nikaandika: Nilikosea. Watu saba nimewatenga na watoto wao kwa kutojua desturi ya majina, ambayo askari wangu aliijua na sikumuuliza. Naomba ruhusa ya kuwarudisha mwenyewe. Kanali aliisoma, akanitazama kwa huruma, akapiga mhuri. Na kama yupo anayejiuliza kwa nini nilistaafu nikiwa meja tu, apate jibu lake bure.

Sita kati ya wale saba walipata watoto wao wote. Nililala vizuri kwa ajili ya hao sita.

Wa Bigirimana nilikwenda kuwaangalia kwanza mimi, kabla ya kumfuata baba, ili nisimpeleke mtu bure. Nilimchukua Chubwa. Kambini walitupeleka kwa mama mmoja Mrundi aliyekuwa akilea watoto wasio na wenyewe. Bukuru alikuwa anapasua kuni. Butoyi alitoka kibandani aliposikia gari, na kikombe cha bati kilikuwa kiunoni mwake.

Nilikitazama kile kikombe. Sikutaka kuuliza, lakini nikakumbuka utaratibu wa Sajini, nikauliza. Yule mama akasema kale kadogo kalikuwa kamekonda tangu kalipofika, kalikataa kula, kila lori likiingia kanakimbilia njiani kuangalia wanaoshuka. Kisha kuhara kulipoingia kambini kaliugua siku mbili tu, kakafa. Akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba watoto wenye baba walibebwa usiku ule ule kupelekwa zahanati, na yeye alikuwa na tisa na mikono miwili.

Safari ya kumfuata Bigirimana ilichukua siku nzima. Alikuja ameshika kofia, akakimbia hatua za mwisho alipotutambua. Kulikuwa na benchi. Sikukaa.

Nikasema, "Chiza amefariki. Bukuru na Butoyi ni wazima. Mlikuwa familia na mimi nilikosea."

Chubwa alitafsiri, sauti ikamkatika katikati, akaanza upya. Bigirimana akaketi yeye kwenye lile benchi, akafunika uso kwa kofia, akalia kwa sauti ya mtu mzima ambayo wanaume wengine waliokuwa pale waliipisha kwa kuondoka. Nilisimama. Hakuna mafunzo ya kusimama hivyo. Alipomaliza alifuta uso, akauliza amezikwa wapi.

Sitaandika walivyokutana na wale wawili. Hayo ni yao.

Makaburi yalikuwa nyuma ya kambi, kwenye mteremko. La Chiza lilikuwa na kibao cha ubao wa kreti na rangi nyeusi: CHIZA. HANA WAZAZI. Maneno hayo ya mwisho niliyatambua. Aliyechora kibao alinakili kutoka kwenye orodha, safu ya nne, kama anavyopaswa.

Nilichomoa kisu. Nikamwambia Bigirimana kwamba nitayafuta, na nitatafuta rangi niandike jina lake yeye pale, ili kila mtu ajue mtoto ni wa nani.

"Oya, afande," akasema. "Sisi hatufanyi hivyo. Futa hayo tu. Chiza ibaki."

"Watu watajuaje?"

Aliwashika wale wawili mabega. "Huyu Bukuru. Huyu Butoyi. Mtu akipita akasoma Chiza, atajua ana mapacha mbele yake. Atajua alikuwa na kwao."

Nilipiga magoti nikaanza kukwangua. Rangi ilikuwa imezama kwenye ubao, na kisu cha jeshi kimetengenezwa kwa kazi nyingine. Butoyi alinitazama kwa muda, akafungua kile kikombe kiunoni, akaenda kuchota maji, akaniletea nilowanishe ubao. Niliyapokea. Nilikwangua mpaka jua likafika upande wa pili wa kambi, Chubwa akipokea kisu mkono wangu ulipochoka. Kwa mtu aliyesimama njiani, lilibaki jina peke yake. Kwa aliyeinama karibu, maneno yangu yalikuwa bado yanasomeka.